Injini ikizimika juu ya mahema yetu

Beni, Kivu Kaskazini. Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, helikopta ilifika kwenye kambi moja ya wahami kando ya barabara ya Oicha. Haikutua mara moja. Ilisimama hewani juu ya mahema, urefu kama wa mikalitusi mitatu iliyopangwa moja juu ya nyingine, ikakaa pale dakika mbili, tatu. Watoto wakakimbia chini yake wakipiga kelele za furaha. Maturubai mawili yakaruka. Mama mmoja alikuwa ameweka sombe motoni. Sufuria ikajaa vumbi, chakula cha siku nzima kikaisha hivyo.

Yule mama hakuniuliza juu ya sombe. Aliniuliza hivi: "Yaya, ile kitu injini ikizimika, inatuangukia kama jiwe?"

Nikamjibu ndiyo, kama jiwe. Nilijibu haraka, kama sisi wanahabari tunavyojibu mambo tusiyoyajua. Kisha usiku sikutulia. Nikaenda kumtafuta mtu anayejua, nikampata rubani aliyefundisha wanafunzi miaka mingi katika inchi nyingine kabla ya kuja kufanya kazi huku kwetu. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akachukua karatasi na kalamu. Tulikaa saa mbili. Ninaandika leo kwa sababu jibu nililompa mama halikuwa kweli, na pia kwa sababu kweli yenyewe inatudai kitu, sisi tunaoishi chini na wao wanaoruka juu.

Muliona watoto wetu wanavyotengeneza feni ya majani ya ndizi? Wanachoma jani kwenye kijiti, wanakimbia nalo, upepo unalizungusha. Hakuna injini. Helikopta ambayo injini yake imekufa inashuka kwa namna hiyo hiyo. Mapanga yake ya juu yanaachana na injini, kama gurudumu la nyuma la kinga linavyoendelea kuzunguka hata ukiacha kukanyaga pedali. Chombo kinaposhuka, hewa inapita kutoka chini kwenda juu katikati ya mapanga, na hewa hiyo ndiyo inaendelea kuyazungusha. Mapanga yakizunguka, rubani bado ana chombo mikononi: anaweza kugeuka, anaweza kuchagua fasi, anaweza kutua polepole. Marubani wenyewe wanaita jambo hili otorotasio.

Lakini kuna sharti. Rubani anashika kwa mkono wa kushoto wenzo unaoitwa kolektivu. Akiuinua, mapanga yote yanainama zaidi na kukata hewa kwa nguvu, chombo kinapanda. Injini ikikufa na wenzo bado uko juu, mapanga yaliyoinama yanabanwa na hewa, mwendo wake unapungua, na yakipungua kupita kipimo hayarudi tena. Hapo sasa ndiyo jiwe. Basi kitu cha kwanza ni kushusha ule wenzo, mara moja, bila kuuliza kwa nini injini imezimika. Katika helikopta ndogo ya Robinson R22, ambayo wanafunzi wengi duniani wanaanzia nayo, mapanga ni mepesi sana, na muda wa kushusha wenzo hauzidi kama sekunde mbili. Hesabu kwa sauti: moja, mbili. Umechelewa.

Fikiria mwanafunzi. Mwili wake wote unamwambia avute juu, kwa sababu anaanguka, na mtu anayeanguka anataka kupanda. Mwalimu anapaswa kumfundisha kinyume cha mwili wake. Anapaswa kumfundisha kushuka ili aishi. Jambo hili haliingii kwa maneno ya darasani. Linaingia kwa mkono, kwa kurudia, mpaka mkono wa kushoto ushuke kabla kichwa hakijafikiri.

Wenzo ukiwa chini, kazi inayobaki ni ya macho na ya subira. Anashika mwendo, katika R22 ni karibu kilometa 120 kwa saa. Anatafuta fasi wazi na kujua upepo unatoka upande gani, ili atue akiwa ameuelekea. Akikaribia ardhi, kama mita 12 hivi, anavuta pua ya chombo juu. Mwendo wa mbele unapungua, mapanga yanaongeza mzunguko. Kisha analaza chombo sawasawa, na mita mbili tatu kutoka chini anainua ule wenzo wa kushoto, sasa kwa ruhusa. Nguvu iliyobaki katika mapanga inatumika yote hapo, mara moja tu, kulainisha kugusa ardhi. Ukiitumia mapema, ukiwa juu kidogo, huna nyingine.

Dereva wa chukudu anaelewa haya kuliko mimi. Anateremka mlima kutoka Lubero na magunia ya viazi, hana injini, mwendo wake ndiyo mali yake. Akiumaliza bure kabla ya kufika kwenye mwinuko unaofuata, atasukuma. Akiuachilia sana, atakufa kwenye kona. Anautumia kwa kipimo. Rubani aliponieleza mambo ya mwendo na mzunguko nilikuwa naona chukudu tu kichwani.

Ujuzi huu ni wa zamani, ni wa zamani hata kuliko helikopta yenyewe. Mhispania Juan de la Cierva aliona ndege yake kubwa ikianguka mwaka 1919 kwa sababu ilipoteza mwendo karibu na ardhi. Akatafuta chombo kisichoanguka kwa namna hiyo, na Januari 1923, karibu na Madrid, chombo chake chenye mapanga yanayozungushwa na hewa tupu kiliruka. Mei 1937, Ujerumani, helikopta ya Focke-Wulf Fw 61 ilitua injini ikiwa imezimwa. Na tarehe 21 Juni 1972, kule Istres, Ufaransa, rubani Jean Boulet alipanda na helikopta ya Lama mpaka mita 12,442, juu kuliko mtu yeyote aliyetangulia kwa helikopta. Alipopunguza nguvu ili ashuke, injini ikazimika. Alishuka kilometa zote hizo 12 bila injini, akatua mzima. Tunapomwambia mtoto wetu kwamba haiwezekani, tukumbuke huyo.

Sasa, maoni yangu. Kuna ubishi kati ya walimu wa marubani, na mimi si rubani, lakini ninaishi chini yao, basi nina haki ya neno langu.

Ubishi ni huu. Wengine wanasema mwanafunzi ashushe chombo kama injini imekufa, lakini akibaki na mita moja mbili mwalimu arudishe nguvu ya injini, wapande tena. Wengine wanasema hapana, amalize, aguse ardhi bila injini. Huko Marekani, anayetafuta leseni ya kwanza anaruhusiwa kumaliza kwa kurudisha nguvu; ni yule anayetaka kuwa mwalimu ndiye anadaiwa kufika mpaka chini. Wanaokataa kugusa ardhi wana sababu nzito. Mazoezi haya yanavunja vyombo: mtu anatua kwa nguvu, mapanga yanapinda na kukata mkia, miguu ya chuma inakwama kwenye udongo laini na chombo kinapinduka. Ni ajabu kwamba watu wanaumia katika mazoezi ya kitu ambacho pengine hakitawapata maisha yao yote, kwa sababu injini za leo hazizimiki ovyo.

Ninawaelewa, lakini siko upande wao kabisa. Rubani niliyeongea naye alisema kwamba mita mbili za mwisho ni kama somo jingine, na mtu ambaye hajawahi kuzipita akiwa na mwalimu kando yake atazipita mara ya kwanza akiwa peke yake na abiria nyuma. Hilo halinipi amani. Kila mwanafunzi apelekwe mpaka ardhini, hata mara chache tu, kwenye uwanja wa kweli wenye sakafu ngumu, pamoja na mwalimu ambaye mikono yake imezoea, siku ya upepo mzuri. Kisha mazoezi ya kila mara yamalizike juu kidogo, kwa kurudisha nguvu, ili vyombo na watu wabaki wazima. Ghali? Ndiyo. Hata mazishi ni ghali.

Jambo ambalo sikubaliani nalo kamwe ni desturi ya walimu wengine ya kumshitua mwanafunzi. Wanaruka vizuri, wanaongea, ghafla mwalimu anakata mafuta ya injini bila kusema neno, ati amuone mwanafunzi atafanya nini. Kiwanda cha Robinson chenyewe kilitoa onyo kwa maandishi kwamba kukata nguvu kwa kushitukiza kunaweza kuua. Mwanafunzi akikawia, mwalimu naye amekwisha kukawia. Mwanzoni mwalimu atangaze: sasa tunaanza, tatu, mbili, moja. Mkono wake uwe karibu na wenzo. Kushitukiza kuje baadaye sana, kwa kipimo, juu sana, na baada ya kukubaliana wakiwa bado chini. Tulifundishwa vibaya wengi wetu shuleni kwa fimbo ya ghafla na tunajua ilitufundisha nini: kuogopa mwalimu.

Marekani walijifunza kwa uchungu. Ajali za R22 zilipozidi, mwaka 1995 serikali yao ilitoa kanuni maalumu: mwanafunzi lazima afundishwe juu ya hatari ya mapanga kupoteza mzunguko, na asiruke peke yake katika R22 kabla ya kupata saa 20 pamoja na mwalimu. Sheria iliandikwa baada ya watu kufa. Ndivyo sheria nyingi zinavyoandikwa.

Mtaniambia: lakini zile zinazokuja kwetu ni kubwa, zina injini mbili. Ni kweli, nyingi zina mbili. Moja ikikufa, nyingine inamfikisha rubani mahali. Basi sikilizeni ya Glasgow, huko Scotland. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2013, helikopta ya polisi yenye injini mbili iliangukia baa iliyojaa watu. Walikufa watu 10: watatu waliokuwa ndani ya chombo na saba waliokuwa wamekaa kusikiliza muziki. Wachunguzi wa Uingereza, katika ripoti yao ya 2015, walieleza kwamba mafuta yalikuwa bado katika tanki kubwa, lakini pampu za kuyapeleka kwenye matanki yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa. Injini ya kwanza ikazimika, na kama nusu dakika baadaye ya pili. Mzunguko wa mapanga haukulindwa. Rubani hakuwa mtu mgeni wa kazi. Ilikuwa usiku, juu ya mji, na muda ulikuwa mfupi sana.

Wale saba waliokuwa kwenye baa ndio wananihangaisha. Hawakupanda chombo chochote. Walikuwa chini, kama yule mama na sufuria yake.

Siwezi kudanganya kwamba somo hili linaokoa kila mtu. Sisi wa Kivu Kaskazini tunajua. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Monusco aina ya Puma ilianguka upande wa Tshanzu, Rutshuru, wakati wa mapigano, na watu wote 8 waliokuwamo wakafa. Tarehe 5 Februari 2023 nyingine ilitoka hapa Beni, ikapigwa risasi njiani. Mmoja wa waliokuwamo akafa, mwingine akaumia vibaya, lakini chombo kikafika Goma. Hakuna mwalimu anayemfundisha mtu kuishinda risasi. Ila injini, mafuta, kosa la mkono, hayo yanafundishika.

Na hapa ndipo ninawageukia wanaoruka juu yetu, mashirika yote, wa kiraia na wa kijeshi. Rubani alinichorea mstari kwenye karatasi. Upande mmoja urefu, upande mwingine mwendo. Kuna eneo katika mchoro ambapo chombo kiko juu kidogo na hakina mwendo: hakiko chini kiasi cha kugusa ardhi kwa upole, hakiko juu kiasi cha kupata nafasi ya kuanza kuteleza. Injini ikikufa katika eneo hilo, hata mwalimu wa walimu hana cha kufanya. Kila kitabu cha helikopta ya injini moja kina mchoro wake. Nilimuuliza: kusimama hewani urefu wa mikalitusi mitatu juu ya mahema, je, ni humo? Akanyamaza, akaweka alama ya kalamu katikati kabisa ya eneo lile. Akaongeza kwamba ile ya kambini kama ina injini mbili basi ina nafuu, kutegemea uzito wake. Nafuu, hakusema usalama.

Basi ombi langu ni dogo. Msisimame hewani juu ya watu. Mkitaka kutazama kambi, itazameni mkiwa na mwendo na urefu, mkipitia pembeni, upande wa mashamba. Mkija kutua, mje kwa upande ulio wazi, na mmpigie simu rais wa kamati ya kambi mapema ili watoto waondolewe. Simu hiyo haigharimu kitu.

Sasa zamu yetu, na hapa najua wengine watanikasirikia.

Hesabu nyingine ya yule rubani: R22 ikishuka bila injini, kwa namna yake ya kwenda mbali kabisa, inasogea karibu mita 4 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Kutoka urefu wa mita 300 anaweza kufika kama kilometa moja na kidogo, si zaidi, na hana dakika nzima ya kufikiri. Chombo kikubwa kina hesabu yake, lakini haitofautiani sana. Simameni kambini mtazame pande zote, kilometa moja. Mtaona kakao, mikalitusi, mabati, nyaya, mahema. Fasi moja tu imebaki wazi: kiwanja cha mpira, ambapo ndipo helikopta zinatua na ndipo wagonjwa wanabebwa.

Kiwanja hicho kinakufa. Tangu Kanyabayonga ianguke mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero, Butembo na mpaka huku Beni. Waliofika mwisho hawakupata fasi. Upande mmoja wa kiwanja leo kuna mahema kumi na manne. Niliyahesabu mwenyewe Jumanne. Wengine wamekwisha kuchimba vyoo pale. Kamati imegawanyika: kuna wanaosema wafukuzwe, kuna wanaosema mtu aliyetembea siku tano na watoto hawezi kuambiwa aondoke kwa ajili ya ndege ambayo pengine haitaanguka.

Mimi nasema kiwanja kibaki wazi. Si kwa ajili ya ndege tu. Mama wa kujifungua akizidiwa usiku na barabara ikiwa imefungwa na wauaji, asubuhi ataondokea pale au hataondoka. Lakini sitaki kusikia mtu amevunjiwa hema kwa fimbo. Shamba lililo nyuma ya kanisa halijalimwa msimu huu, na mwenyewe aliniambia yuko tayari kuongea kama mkuu wa kijiji atamuita na kama kodi kidogo itapatikana. Familia kumi na nne zinaweza kukaa hapo. Shirika lililoleta maturubai ya kwanza lilete mengine kumi na manne. Si mzigo mkubwa kwa mwenye lori.

Mpaka hapo, wababa na wamama, waambieni watoto mambo haya machache. Helikopta ikishuka kimya, au kwa sauti isiyo ya kawaida, msikimbilie chini yake. Ondokeni kwenye uwazi, mwachieni rubani ile fasi, kwa sababu anaitafuta hiyo hiyo. Ikishatua, msisogee mpaka mapanga yasimame kabisa. Msipite kamwe nyuma, kwenye mkia. Lile panga dogo la nyuma likizunguka halionekani. Ikiwa imetua kwenye mteremko, msikaribie kutoka upande wa juu wa kilima, ndipo mapanga yanakaribia vichwa. Mafuta yanaweza kuwa yamemwagika, basi hakuna sigara, hakuna mbabula. Na wasiojeruhiwa wasaidieni wanaojeruhiwa. Mambo ya kuchukua simu na mabegi ya watu tuyaache, tumeyaona mahali pengine na yalitutia haya.

Nilirudi kwa yule mama Alhamisi. Nikamwambia nilimdanganya, haianguki kama jiwe, kama rubani amefundishwa vizuri na kama ana fasi ya kutua. Akatazama kiwanja, akatazama hema lake. Ni la tatu kutoka kona, kati ya yale kumi na manne. Akaniuliza shamba la nyuma ya kanisa lina maji karibu. Nikamwambia kisima kiko mita mia mbili hivi. Kamati inakutana Jumamosi saa tatu, chini ya mwembe, na amesema atakuja.